Aliyesimama na Mchi Matangani Mbagala

Mama yangu mpenzi,

Watu wa Mbagala wanakutaja mpaka leo kuwa ni yule mwanamke aliyemvunja wifi yake mkono matangani. Wanasema hivyo wakicheka. Mie sicheki, na leo hasira zimenipanda kiasi cha kukuandikia, ingawa uko kaburini na hata ulipokuwa hai hukujua kusoma.

Ngozi yangu uliijua kuliko mimi. Ukurutu ulinila viwikoni, nyuma ya magoti na shingoni, nikajikuna mpaka shuka likagandamana na damu. Ulinikata kucha, ukanifunga vidole kwa vipande vya kanga kuukuu, ukanipaka mafuta ya nazi. Dresa wa zahanati alinipaka dawa ya zambarau, watoto wakanizomea njia nzima. Lakini wewe ndiye uliyeona kwamba nikila karanga, midomo inavimba na mwili wote unawaka. Ukazipiga marufuku nyumbani. Baba alinuna, maana shamba lake lilikuwa la karanga.

Kisha babu akafa, matanga yakawekwa kwa shangazi, dada yake baba. Likaja sinia la wali na kisamvu cha karanga. Ukamwambia wifi yako kwa upole kwamba mtoto huyu hali hicho. Nani asiyejua kwetu maana yake? Kukataa chakula cha mtu mbele ya wafiwa ni kumwambia ametia sumu, ni mchawi. Ulilijua hilo, ukasema vilevile.

Shangazi akaona umemvua nguo. "Damu ya kaka yangu itakula kwangu," akasema. Akanibana pua, nilipoachama akanishindilia tonge.

Ulimi ukajaa mdomoni. Macho yakafumba yenyewe, pumzi ikawa inapita kwa mluzi. Naye bado kanishika, ana tonge la pili mkononi. Ukanyakua mchi ukamtandika mkono uleule, nikasikia mfupa ukivunjika. Alipozidi kunishika ukampiga la begani. Akaniachia. Ukanipindua kichwa chini, ukanitia vidole kooni mpaka nikatapika kila kitu, na damu kidogo.

Hapo ndipo watu waliponiona uso ulivyovimba. Mmoja akatamka neno mchawi, basi. Wanaume wakachomoa fito za ua, mwingine akaja na panga. Wakamburuta shangazi uani na mkono wake unaning'inia, wakampiga mateke ya mbavu, wakaanza kuulizana nani ana kiberiti.

Ukanilaza mkekani. Ulijua kama narudi au nakwenda? Ukasimama juu ya shangazi pale chini uani, mguu huku na mguu huku, ukaunyanyua mchi.

"Ni karanga," ukasema. "Anayemgusa tena, nampasua kichwa."

Hawakukuamini hata mmoja. Walikuogopa tu, wakatupa fito.

Baba akakupa talaka kabla matanga hayajaanuliwa, kwa ajili ya mkono wa dada yake. Ukaniweka mgongoni tukaenda kwenu Pugu. Shangazi yuko hai, na kila anayemtembelea anaonyeshwa mkono uliopinda. Nani alimwokoa asichomwe moto, hajawahi kusema. Namchukia kwa hilo, na sitaki mtu aniambie nisamehe.

Sasa nami niko Temeke, nina binti, na ngozi yake ni ileile. Nimewaambia wakwe zangu mpaka nimechoka. Juzi mama mkwe akamvutia jikoni, akisema namlea mjukuu wake kama yai, akamtia kashata ya karanga mdomoni. Niliingia nikamkuta anatafuna. Nikambana taya, nikaichokoa kwa kidole, akaning'ata hadi kucha ikatoka damu. Bibi yake alipotaka kunivuta, nilimsukuma akaenda kugonga ukuta.

Mume wangu akatokea mlangoni, ngumi amezikunja. Akaniuliza kama nataka kuachwa kama ulivyoachwa wewe.

Nikamwambia, "Niandikie talaka."

Akatazama mdomo wa mtoto, ulikuwa umevimba upande mmoja. Akakaa chini palepale kizingitini. Mpaka leo hajaandika. Huenda ataandika kesho, mie nguo zangu nimeshazifunga. Mtoto yuko uani anagombana na kuku, anajikuna, anapumua vizuri.

Pumzika, mama.

Ni mimi mwanao, niliye hai.