Kidani cha Sufuria ya Beatha

Bi Hidaya mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni Sabra wa Lushoto, natengeneza vidani na hereni kwa shaba, shanga na vyuma chakavu, na nina rafiki, jirani yangu Beatha, Mrundi aliyekimbia machafuko kwao, akakaa kambini Kigoma miaka mingi, kisha akaolewa na mwalimu wa huku kwetu, tena ni mtu wa kucheka, na siku moja tukichambua maharage barazani kwake akanipa sufuria iliyotoboka, akasema hii ndiyo niliyotoka nayo nyumbani, nimechoka kuitazama, wewe ni fundi, angalia utatoa nini humo. Hapo hapo akanisimulia mwanawe wa kwanza aliyemfia njiani, wakamzika porini na safari ikaendelea, akanitajia na jina lake, akasema hata mume wangu hajui kama nilizaa kabla yake. Mimi nikaendelea kuchambua maharage.

Lakini yale maneno hayakunitoka, nikaikata ile sufuria vipande vidogo vya umbo la nyayo, nikaviunga vikawa kidani, na kipande cha mbele nikagonga jina la mtoto herufi moja moja, na sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo. Wenye maonyesho ya Jumamosi hapa mjini wamekichagua kikae meza ya katikati, na kikaratasi cha kueleza habari yote nimeshakiandika. Sasa Beatha ameshona kitenge, anakuja na mumewe kunipongeza, kila siku ananiuliza, "Dada, sufuria yangu imekuwa nini?" nami namjibu utaona. Nikimwambia naogopa atanikatalia, nisipomwambia ataliona jina mbele za watu. Nia yangu ni watu wajue wakimbizi wamepitia nini. Nifanyeje?

Sabra, Lushoto

Marahaba, mwanangu. Mikono unayo, hilo sina ubishi, na nia yako naiamini. Ila barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipomwambia Beatha pole, sikupaona. Wewe mtoto wa Kishambaa. Akifiwa mtu kule Mlola unapanda gari na kilo yako ya sukari, unakaa mkekani hata kama marehemu humjui. Huyu rafiki yako kakutajia maiti yake, ukainamia maharage, kisha ukaenda kuligonga jina lake kwenye bati. Aibu, Sabra.

Tena jina lenyewe hukuniandikia mimi. Kumbe unajua kuwa ni siri. Sufuria alikupa, jina alikuamini nalo, na hivyo ni vitu viwili.

Waambie wenye maonyesho leo, si Ijumaa, kwamba kidani hicho hakipo. Kikaratasi kichane. Wakinuna, wanune, wape hereni. Kisha nenda kwa Beatha mumewe akiwa shuleni. Mpe pole kwanza, na akilia usimnyamazishe. Baadaye mwonyeshe kidani, mwambie ulipokosea, umwachie mkononi. Habari za Jumamosi usiziguse. Akitaka kionekane atasema mwenyewe, akitaka kukizika akizike, na wewe ushike jembe.

Tangu amzike yule mtoto, hakuna aliyekwenda kukaa naye matanga. Nenda ukakae.