Sakafu Iliyoinamia Jikoni

Shoga, uko hapo? Nimepanda juu ya meza ya jikoni. Sitanii.

Ile sakafu ya gereji aliyoisimamia mume wangu mwenyewe, leo imepata mvua yake ya kwanza. Maji ya uwanja mzima yameingia gerejini, yakapita chini ya mlango, yako jikoni kwangu kama wageni walioalikwa!

Nikamuuliza, "Kwa nini zege limeinamia ndani? Si maji yanatakiwa yaende barabarani?"

Bwana mkubwa akajibu bila hata haya: "Breki ya mkono ni mbovu. Nilimwambia fundi ainamishe huku, gari lisije likaserereka barabarani."

Breki ya mkono, shoga! Breki haitengenezwi, inajengewa sakafu!

Mama mkwe akaja, gauni kalikunja magotini. Nikajua leo mwanawe ataipata. Akachungulia gerejini kupitia dirisha, akasema kwa upole, "Lakini gari limetulia, mwanangu."

Limetulia kweli. Limeegemea mlango wa jikoni, haufunguki. Ndoo zote ziko upande wa pili wa mlango, gerejini, na mwenye gari anasubiri mvua ikatike ndipo azunguke kuzichukua. Hataki kulowa.