Skwea ya mzee na kabati la mchumba

Shoga, acha unachofanya. Mzee wangu leo nusura avunje uchumba wa mjukuu wetu kwa sababu ya kabati.

Mchumba ni seremala kama mzee, kaleta kabati alilotengeneza mwenyewe. Mzee akatoa skwea yake ya mbao, kile kipimo cha pembe alichojichongea, akaibandika kwenye pembe. "Limepinda. Anayepindisha kabati atapindisha na nyumba." Kijana akaaga, mjukuu akabaki analia.

Nikamuuliza, na hiyo skwea nani kaipima? Eti, "Nimeipima kwenye meza yangu."

Kwenye meza yake! Meza aliyoitengeneza kwa skwea hiyohiyo. Kesi ya nyani kampelekea ngedere.

Nikamwambia achore mstari kutoka ukingo wa ubao, apindue skwea, achore tena palepale. Skwea ya kweli ingelaza mstari juu ya mstari; hii, mistari ikaachana kama miguu ya mkasi.

Mzee akainua penseli. Kisha, "Penseli butu hii."

Mjukuu akaichonga. Mistari ikaachana vilevile. Mzee akakohoa: "Mpigie arudi. Aje na skwea yake."

Sasa kitendawili, shoga: kitanda changu alichonitengenezea mzee kilipimwa kwa skwea gani? Miaka yote naamka nimebingirikia upande wake, nikadhani ni mapenzi.