Siku Nne za Msiba wa Babu

Kamwene Mama,

Leo ni Jumapili na sijaenda kanisani. Nimekaa chumbani kwangu hapa Ilomba, nimefua, nimepika maharage yakaungua, nimekula hivyo hivyo. Nakuandikia kwa sababu hukumu ilisomwa na wewe hukuwepo. Nimechelewa mwezi mzima kukwambia. Nisamehe, mwili ulikuwa mzito.

Ulikufa ukiamini umeniharibia kesi. Hukulisema wazi, lakini kila tulipotoka mahakamani ulihesabu kwa vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku nne nilizonyamaza kwa sababu wewe uliniambia ninyamaze.

Mimi na wewe hatukuwahi kuzizungumza siku hizo tukiwa wawili tu, tulizizungumza mbele ya hakimu. Basi nazisema hapa. Babu amelala sebuleni, tunamsubiri Mjomba afike kutoka Mbeya ndipo tuzike. Sufuria hazitoshi. Ukanituma kwa jirani yetu mwenye mashine ya kusaga nikaazime ile kubwa. Mke wake alikuwa kwetu anamenya viazi na wenzake. Nyumbani alikuwepo yeye peke yake. Alinibaka, Mama. Neno hilo nililitoa mdomoni mara ya kwanza kituoni, na yule askari wa kike wa dawati la jinsia akaniomba nilirudie taratibu aandike.

Nilirudi na sufuria. Nikakwambia palepale jikoni, moshi umejaa, ukaacha kukoroga. Ukasema, "Ngoja tumzike babu yako kwanza. Maiti iko ndani." Halafu ukanichemshia maji ya kuoga. Nilikuelewa. Kwetu jambo lingine halifunguliwi mpaka matanga yaanuliwe, hata ugomvi wa mpaka wa shamba unangoja. Na kwa kuwa nilikuwa binti wa nyumba, kila siku nilipita na sinia kwa wanaume waliokaa kwenye moto, na yeye alikuwa mmoja wao. Nilimpakulia ugali siku nne. Alikuwa anasema asante.

Siku ya tano matanga yalianuliwa asubuhi. Ukajifunga kanga ileile ya msibani, ukanishika mkono mpaka kituoni. Jioni wazee wakaja wakitaka tumalizane kifamilia, wakakaa sana. Ukawaambia wamalize chai yao waende, mtoto wako hamalizwi kwenye kikao.

Siku yako ya kutoa ushahidi ulivua kandambili mlangoni kama unaingia nyumbani kwa watu, askari akakurudisha uvae. Nilitaka kucheka. Mimi nilikuwa nimeshatoa wangu, nimekaa benchi la nyuma, na wakili wake alikuwa ameshanimaliza. Aliniuliza kama nilimpakulia mshitakiwa chakula, nikajibu nilimpakulia. Akauliza nilimwambia nani siku hizo zote, nikasema mama tu. Daktari naye alikuwa ameandika machache kwenye PF3, ile fomu ya polisi, maana siku zilikuwa zimepita na nilikuwa nimeoga. Kwa hiyo wakili akahamia kwako. Eti mama gani anaambiwa jambo kama hilo na anaendelea kupika.

Ulimgeukia hakimu. Ukasema, "Mheshimiwa, baba yangu alikuwa hajazikwa. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Kosa ni langu, yeye msimhesabie."

Nilikukasirikia, Mama. Nilikukasirikia miaka miwili, hata nilipokuwa nakupeleka kliniki ya presha nimekushikia mkoba. Nadhani ulijua.

Presha hiyo ndiyo iliyokuchukua. Tulipokuzika, siku iliyofuata karani akapiga simu kwamba hukumu ni kesho saa tatu. Mjomba akasema tuombe isogezwe, matanga yako hayajaanuliwa, watu wamekaa, nitaonekanaje. Kesho yake asubuhi nilinyanyuka kwenye mkeka nikatafuta viatu. Mama mdogo akanishika kanga. Nikaifungua nikamwachia, nikaenda na gauni.

Hakimu alisoma muda mrefu. Alipofika kwenye siku nne nikaanza kuhesabu vioo vya dirisha, sikutaka kusikia. Nikasikia tu. Akasema mama wa mlalamikaji aliieleza mahakama jambo linalomwumiza yeye mwenyewe, na mtu anayetunga uongo hatungi wa kujishitaki. Akasema kumpakulia mtu chakula msibani ni kazi ya binti wa nyumba, si kumkubali. Kisha akamtia hatiani. Miaka thelathini.

Kwa hiyo hukuniharibia. Yale maneno uliyoyasema ndiyo yaliyomfunga, na uliondoka bila kujua. Hilo ndilo linaloniuma. Mengine hayaniumi wala hayanifurahishi. Sikulia pale. Nilirudi nyumbani nikakuta wanapika cha mchana, Mama mdogo akauliza imekuwaje, nikamwambia amefungwa. Akasema haya. Nikapokea mwiko.

Huko nyumbani Igowole kuna wasionisalimia siku hizi, mkewe akiwa mmoja wao. Simlaumu sana. Nimerudi kazini Uyole, kwenye duka la mbegu, nauza, narudi, nalala. Watu wananiambia sasa nitapumua. Labda. Bado nangoja.

Hasira yangu kwako imepungua, haijaisha, sitakudanganya ukiwa huko. Lakini nakumbuka pia kwamba ulisimama mbele ya watu ukajibebesha kosa, na hakuna mwingine aliyenifanyia hivyo.

Pumzika, Mama. Nina neno moja la kukuahidi. Sina mtoto bado. Nikimpata, na akinijia jikoni na jambo kama lile, nitaepua sufuria nitoke naye saa hiyohiyo, hata kama aliyelala sebuleni ni baba yake. Marehemu atatungoja.

Mwanao.