Wifi, Tumeuamsha Wimbo wa Mahindi

Mpendwa wifi yangu Mumbua,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka mbuyu kabla ya kusema lake. Nimechoka miguu, nimechoka kujibu salamu za watu wanaoniuliza habari zako kana kwamba umetoka kidogo kwenda sokoni, na zaidi nimechoka kuwa mimi peke yangu niliyebaki na nyimbo zako. Kuna jambo nimelifanya. Nataka ulisikie kwangu mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine huko uliko, maana watu wa Kwa Vonza hawajawahi kunyimana habari.

Unakumbuka nilivyofika hapa? Ilikuwa muda mfupi baada ya uhuru. Kaka yako alinioa kutoka Mbumbuni, nikaja na sanduku la bati na aibu tele. Wewe ulikuwa umerudi kwa baba yako. Watu walisema mumeo alikufukuza. Wewe ulisema alichoka kuimbwa. Siku zangu za kwanza nilipika muthokoi, yale mahindi ya kutwangwa hadi yatoke maganda, na sikuyatwanga yakatwangika. Kaka yako alikula akamaliza. Wewe pia ulimaliza, nikadhani nimepona. Asubuhi yake kwenye mwethya, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wanawake wote wameinama wanachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, nikakusikia unaanzisha wimbo: kuna bibi arusi ametoka Mbumbuni kuja kutupima meno. Wanawake waliangusha majembe wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi nililia hadi jioni.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza mambo yako. Alisema wewe ni ngui, mtunzi na mwanzishaji wa nyimbo, na kwamba una sheria yako uliyoirithi kwa shangazi yako. Ukiimbwa, unakwenda kwa ngui na kitu mkononi, unakubali kosa, mnakula pamoja, kisha wimbo unalazwa. Ukishalazwa hauimbwi tena, hata kwa mzaha, hata na watoto. Mwenye kosa dogo anakwenda na uji. Mwenye kosa kubwa anakwenda na mbuzi. Nikakuletea uji kwenye kibuyu. Ulikunywa wote, ukafuta mdomo.

"Basi, huo umelala," ukasema. "Sasa njoo uniitikie. Una sauti ya kuitikia wewe."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya maisha yangu, kwa sababu ya mahindi magumu. Wewe unaanzisha, mimi na wanawake tunapokea. Wewe maneno yako ulikuwa ukiyageuza kila siku, kulingana na nani amepita njiani na nani amechelewa na jembe. Langu lilikuwa lile lile, na sikutamani lingine. Tuliimba kwenye matuta, kwenye mabwawa ya mchanga, kwenye harusi za watu waliotuchukia. Hata mchungaji wetu, aliyetukataza nyimbo za dunia kila Jumapili, siku ya kubeba mawe ya kujenga kanisa alikuja mwenyewe kukuomba. "Imba tu kidogo, Mumbua, mawe yasogee." Yalisogea, na Jumapili iliyofuata akatukataza tena.

Halafu ikaja ile njaa ya Nikwa Ngwete, yaani nafa nimeshika, watu wana pesa mfukoni na hakuna unga wa kununua. Serikali ikaleta mahindi ya msaada, na stoo akapewa Kilonzo, mtu wa hapa hapa kwetu. Tulipanga foleni mbele ya mlango na vyondo vyetu, tunaambiwa leo hakuna, rudini kesho, huku magunia yanatokea nyuma na kupanda lori la kwenda Mwingi. Wewe ulisimama foleni siku kadhaa unahesabu magunia, nami nilijua ukihesabu hivyo kuna mtu ataipata. Ulipofungua mdomo ukatoa ule wimbo wa mahindi. Ulikuwa ukiuliza, magunia yamepitia mlango gani? Na sisi tunakujibu, "Wa nyuma, wa nyuma."

Sijawahi kuona wimbo ukikimbia vile. Matanboi, wale utingo wa malori, waliubeba hadi Mwingi, na kule wafanyabiashara wa ng'ombe waliokuwa hawajui Kikamba wakajua kuitikia. Watoto wa Kilonzo wakakataa kwenda shule. Mkewe akawa anachota maji jua likiwa kali, saa ambazo hakuna mwingine kisimani. Ndipo siku moja adhuhuri, tukiwa kwenye mwethya, tukamwona anakuja anavuta mbuzi. Alivua kofia mbele ya wanawake wote.

"Mumbua, nimeimbwa," akasema. "Na ni kweli."

Nikaogopa utamfukuza. Kisha ukaomba kisu. Tulikula pale pale pamoja naye, na wengine walikuwa hawajaonja nyama tangu njaa ianze. Stoo akaiacha, baadaye akafungua kinu cha kusaga pale sokoni, na sijasikia mtu akimlaumu kwa kipimo. Wimbo ukalala. Miaka mingi baadaye nilikuwa nachuma kunde, kidogo tu nikaanza kuuvumisha puani bila kufikiri, ukanikata jicho. "Yule mtu alikula na sisi," ukasema, ukaendelea kuchuma.

Sasa nije kwenye hili la Nairobi. Unamkumbuka Wanza, yule binti wa shirika, Mkamba aliyezaliwa mjini, anayeongea Kikamba kama anakanyaga miiba. Alitueleza vizuri. Kila mwaka shirika lao huchagua wasanii wachache wa jadi, linawapa posho ya mwaka mzima ili wakae nyumbani wafundishe vijana, na nyimbo zao zinawekwa kwenye kanda. Wewe wasichana ulikuwa nao, wale uliowafundisha kuimba kila Jumamosi, lakini mama zao walikuwa wameanza kusema wimbo haujazi sufuria, afadhali watafutiwe kazi. Kwa posho ile ungeweza kuwalisha na kuwapa kitu cha kupeleka nyumbani. Bila hiyo wangetawanyika, na tulijua hivyo sote wawili.

Uliimba mbele ya ile mashine kutwa nzima, na kile kifua chako kibovu. Jioni inakaribia, Wanza, aliyezoea kukuita Susu, yaani bibi, akasema, "Na ile ya mahindi, Susu? Panel, wale wazee wanaochagua, ndio wanangojea hiyo. Kila mtu ameskia habari yake."

"Hiyo imelala."

"Hata kidogo tu, Susu?"

"Sasa mtu akizikwa, unafukua kidogo tu?"

Binti wa watu alicheka, akadhani ni mzaha. Mwaka huo ufadhili ukaenda kwa wapiga ngoma wa Mwingi. Nilikununia, wifi. Nilikupakulia chakula, nikakiweka mbali kidogo na mkono wako, na wewe ukakivuta tu. Mwishowe ukaniambia, "Nikiitoa hiyo, nani ataniletea mbuzi tena? Watasema nyimbo za Mumbua hazilali, zinangoja mnunuzi." Niliichukua sahani yako nikaenda kuiosha, nimekasirika zaidi.

Kisha kifua kikakushinda. Tulikuzika wakati wa kiangazi, ardhi ngumu, vijana wakipokezana sururu. Kilonzo alisimama hadi udongo wa mwisho, kofia mkononi. Mimi sikulia. Nilikuwa na wageni wa kupikia na maji ya kutafuta, na watu wakasema mke wa kaka yake ana moyo mgumu.

Wanza alirudi baada ya miezi. Akasema jina langu linaweza kupelekwa, kama mrithi wako. Hakunificha kitu. "Mama, mimi nitakuambia ukweli. Nyimbo ziko, na ni nzuri. Lakini bila ile iliyomfanya Susu ajulikane, sina nguvu mbele ya wale wazee. Watachukua mtu mwingine." Wakati huo wasichana walikuwa wameanza kupungua. Mmoja alikuwa amepelekwa Machakos kuuza dukani, mwingine anachumbiwa. Nikaona nikikataa kama wewe, nitakaa hapa na heshima yako, na nyimbo zako zote, si ule mmoja tu, zitakwenda nami kaburini. Wewe uliweza kukataa kwa sababu mimi nilikuwapo kuitikia. Mimi ningekataa halafu iwe nini?

Nikaenda kwenye kinu. Sikutaka kufanya kwa mlango wa nyuma jambo kama hilo. Kilonzo amezeeka, nyusi nyeupe, na si kwa unga. Alizima mashine anisikilize, nikamweleza yote, nikatazama chini.

"Mama Mutua," akasema, "unafikiri mimi sikuskia? Aliwakatalia watu wa Nairobi sababu yangu. Na mimi sikuenda kumwambia asante. Niliona haya, nikasema nitaenda, nitaenda, mpaka nikaambiwa amekufa." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Imbeni. Hiyo wimbo nimeishi nayo. Haiwezi kuniua saa hii."

Siku ya kurekodi tulikaa uani kwako. Wasichana waliobaki, majirani wachache, Wanza na mashine yake, na Kilonzo, ambaye hakuna aliyemwalika, amekaa juu ya kinu chako cha kutwangia kilichopinduliwa. Wanza akaniashiria. Nikafungua mdomo.

"Wa nyuma, wa nyuma," nikaimba.

Basi. Hakuna kingine kilichotoka. Nilivuta pumzi nikaanza upya, ikatoka ile ile. Nilitafuta neno lako moja tu la kushika, sikulipata. Wifi, tuliulaza wimbo ule vizuri mno. Nilikuwa na nusu yangu, ile ya kupokea, na nusu yako nilikuwa sijawahi kuibeba hata siku moja. Wasichana wakatazama pembeni. Wanza akanyoosha mkono polepole kuzima mashine.

Hapo Kilonzo akakohoa, na akaanzisha.

Sauti mbovu, kama ya mlango wa mabati. Lakini maneno alikuwa nayo yote, hata yale uliyoongeza siku za mwisho kabla ya mbuzi, hata lile la tumbo lake, hata jina lake mwenyewe. Sote tulikuwa tumesahau, ila yeye. Anauliza magunia yamepitia wapi, nami nikamjibu. Wasichana wakadaka, wakaitikia nami. Alipofika pale unapowataja watoto wake, sauti ikakatika. Tukangoja. Akaendelea hadi mwisho, akavaa kofia, akaenda zake bila kuaga.

Ufadhili tumepewa, wifi. Wasichana wanakuja sasa karibu kila siku, hata yule wa Machakos amerudi, na mama zao wananisalimu kwa mikono miwili. Najua utaniuliza kama nimefurahi. Sikufurahi. Mke wa Kilonzo akiniona sokoni anageuza uso, na ana haki. Yeye hakuulizwa na mtu. Na lile swali lako, nani atakuletea mbuzi tena, bado sina jibu lake. Kama umekasirika, kasirika. Ningerudishwa pale ningefanya vile vile, na ningechoka vile vile.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Kuna kitu sikumwambia mtu. Nilipoitikia ile sauti ya mwanamume, sauti isiyo yako ikisema maneno yako, ndipo nilipojua kwamba umekufa. Kaburi halikuniambia, wala wageni. Mimi nilikuwa nangoja tu, kama nilivyokungoja maisha yangu yote, umalize kuvuta pumzi uanzishe. Nililia pale mbele ya mashine, na Wanza akanishika bega akidhani nimeguswa na wimbo.

Wasichana wamejua kuitikia, tena vizuri kuliko sisi wakati wetu. Kuanzisha hakuna anayethubutu. Wananitazama mimi, na mimi, zamu ikinifikia, nigeuke kumtazama nani? Kwa hiyo kesho asubuhi nitasimama mbele yao nianzishe, na sauti yangu hii unaijua. Nina ombi moja tu. Usiniitikie. Nikisikia hata chembe ya sauti yako nitanyamaza, nikusubiri wewe uendelee.

Pumzika, Mumbua, mmoja wetu apumzike.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
wifi yako.