Vitesi ya Pili

Kabambare, tarehe 14 mwezi wa tatu

Kwako Papa yangu mpenzi Grégoire,

Amani ya Bwana iwafikie nyote hapo Kasongo kabla ya barua hii. Mimi ni mzima, nalala, nakula, ingawa sombe ya huku haijafikia ile ya Mama. Ninyi hamjambo? Mguu wa Mama unaamkaje siku hizi za mvua? Na wewe, Papa, bado unakataa kupanda hata gari la watu? Chadrack, huyu dereva wa pikipiki anayekuletea barua, aliniambia kwamba mwezi uliopita alikukuta barazani, lori likapita, ukainuka ukaingia ndani. Maneno hayo yaliniuma siku nzima.

Papa, jeep inatembea.

Najua umekunja uso. Miaka sita imelala huku nyuma ya nyumba ya mjomba, tangu siku gia, ile vitesi ya pili, ilipokatika kwenye mpando wa Mulolwa, jeep ikarudi nyuma, watu wakaruka, na Mama akavunjika mguu. Ulishuka, ukautazama mkono wako wa kuume, ukasema umezeeka na hautashika gari tena. Kuku wa mjomba wakapata nyumba. Mimi nikabaki huku, nikajifunza kazi ya pikipiki kwa fundi Hemedi wa Salamabila, lakini kila asubuhi nilipita kuigusa jeep kwenye boneti, nikaendelea na safari yangu.

Unajua mimi ni mtu wa ndoto. Ulikuwa unanicheka kwamba naweza kuota nimeshika spana. Basi mwaka huu wote nimeota meno ya gia. Adhuhuri mvua ikipiga bati, najilaza kidogo, nayaona yanazunguka polepole, yanashikana na kuachana, hayana gari wala njia, yanang'aa tu. Nikiamka vidole vyangu vinahesabu vyenyewe.

Hemedi alinipatia boîte za gia za jeep mbili zilizokufa zamani. Tulizifungua, tukayapanga magurudumu yote ya meno juu ya mkeka kama nyanya za sokoni, tukaanza kuchagua. Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu yake: dogo linasukuma kubwa, na kadiri kubwa linavyolizidi dogo, ndivyo gari linavyopata nguvu na kupoteza mbio. Na jumla ya meno ya kila jozi lazima iwe ileile, kwa sababu mihimili miwili ya ndani haisogei. Kwetu jumla ni sitini. Vitesi ya kwanza haikutusumbua: kumi na matatu yanasukuma arobaini na saba. Ugomvi ulikuwa kwenye ya pili.

Hemedi alitaka ishirini na mawili kwa thelathini na manane. Alisema jeep itakimbia mpaka watu wa Lusangi washike kofia zao. Mimi nikashika kumi na tisa kwa arobaini na moja. Akanicheka, akauliza: "Mutu anapenda mbio, na wewe unamupa nguvu ya ng'ombe?" Nikamweleza kwamba kuondoka haraka si kuwa na vitesi ya mbio. Ukitoka ya kwanza ukaingia ya pili iliyo mbali mno, injini inaanguka chini ya nusu ya mwendo wake, inalala katikati ya mpando, na huko ndiko watu wanakoumia. Vitesi zikikaribiana, injini haipati nafasi ya kusinzia. Unabadilisha, inapokea, inaendelea kuvuta. Akahesabu kwa vidole, akasema: "Basi, iko kweli. Baba yako alikufundisha muzuri." Nilifurahi kama mtoto.

Jumanne alfajiri tuliipeleka Mulolwa. Ukungu wa mto Luama ulikuwa umepanda mpaka kwenye migomba, huoni njia, unaona weupe tu. Hemedi alishika usukani, mimi nikakaa kiti cha abiria, nyuma tumepakia magunia kumi ya karanga. Palepale kwenye jiwe ulipobadilishia wewe siku ile, alibadilisha akaingiza ya pili. Nilifumba macho. Papa, sauti haikushuka! Ilikaza tu, ikatusukuma migongo kwenye kiti, na nilipofumbua macho tulikuwa juu, jua linatoka, na ukungu wote uko chini yetu umetanda kama maziwa. Nililia. Hemedi alidhani ni moshi.

Lakini sikulia kwa furaha peke yake, na hili ndilo lililonifanya niandike. Umsomee Mama barua yote, usiruke mahali.

Wiki ile kabla ya ajali ulinituma kwa mfanyabiashara nikachukue bidoni ya mafuta ya boîte, ambayo uliyangoja miezi mitatu yafike kutoka Bukavu. Nilikuwa na miaka ishirini, si mtoto. Nilifunga bidoni vibaya kwenye baiskeli, ikaanguka, ikapasuka, na njia ikanywa yote. Niliogopa uso wako. Niliingia jikoni nikachukua mawese ya Mama, nikayachanganya na mafuta meusi ya zamani mpaka wekundu ukapotea. Wewe ulikuwa umesimama, mimi nimelala chini ya jeep nikiyatia kwenye boîte. Ukaniuliza kama mafuta yamefika kwenye kidole nilichoingiza tunduni. Nikajibu yamefika. Na kweli yalifika.

Tulipofungua boîte yako tulikuta gundi nyeusi, na meno ya vitesi ya pili yameliwa kama sabuni. Hemedi alinusa, akauliza nani alipika humu ndani. Nikainama kufuta meno. Wewe ndiye wa kwanza ninayemwambia.

Ulibadilisha mahali panapofaa, wakati unaofaa. Mkono wako haukuzeeka, Papa. Ni mimi. Mguu wa Mama ni mimi, na miaka yako sita ya kukaa barazani ni mimi. Nimeona aibu hata kuomba msamaha kwa karatasi.

Ningeweza kuileta jeep Kasongo wiki hii, lakini sitaileta. Nimemlipa Chadrack akubebe mpaka hapa. Njoo unigombeze mbele ya mjomba, hata unichape ukitaka, sitakimbia. Ukimaliza, panda uirudishe nyumbani mwenyewe, kwa mkono wako wa kuume. Usipotaka nipande nawe, nitaelewa. Nitasimama njiani nisikilize unavyobadilisha.

Mnisalimie majirani wote na kwaya ya parokia. Mwambie Mama nambusu ule mguu. Mungu awalinde.

Mtoto wenu,
Dieudonnée