Sentensi ya Mfano

Mwenzangu, uko? Usinipigie. Nimejifungia kwenye choo cha ofisini, nikisikia sauti yako nitalia.

Leo kwenye ile kamusi yetu ya Kiingereza kwa Kiswahili tumefika herufi M. Neno: Masai. Maana haikuwa na shida. Watu wafugaji, na lugha yao. Sawa.

Halafu mhariri mkuu akasoma sentensi ya mfano, kuonyesha neno linavyotumika: "Masai wetu hulala getini."

HULALA GETINI! Kwa sauti ileile aliyosomea mfano wa neno "mango", embe.

Unajua utaratibu wetu. Anayepinga anagonga meza. Wakinyamaza wote, sentensi imepita, na mmoja wetu, kwa zamu, anaitilia sahihi.

Yule tunayemwita Profesa akasema, "Nzuri, fupi, kila nyumba ina wake." Wakacheka kidogo. Hakuna aliyenitazama. Miaka minne tunakaa chumba kimoja, hawajui mimi ni mtoto wa nani.

Wewe unajua. Baba alilinda geti la tajiri miaka kumi na tisa. Unakumbuka maziko yake? Tajiri wake alileta shada la maua kubwa kuliko yote, tukainama wawili kusoma kadi: "Kwaheri, Masai wetu." Jina la baba hakuna. Nikaapa mbele yako kwamba sitanyamaza tena.

Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, mwenzangu. Juu ya meza kabisa! Nikautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Sentensi imepita.

Na leo zamu ya kutia sahihi ilikuwa yangu.